Shangingi ni la Ukoo

Dar es Salaam mtu hutambulishwa na gari lake kabla hajashuka. Mtaa mzima wa Goba au Mbezi unajua nani ana IST, nani ana Harrier na nani amefika kwenye shangingi. Na shangingi kwa watu wa mjini ni Land Cruiser kubwa, VX au V8, ingawa siku hizi hata Prado ikiwa mpya hupewa heshima hiyo. Likiwa la dizeli, hadhi inapanda tena. Atakayelinunua ajue jambo moja mapema: kadi itaandikwa jina lake, lakini gari litakuwa la ukoo.

Hadhi hiyo ina historia. Miaka ya mwanzo ya Uhuru gari la serikali lilikuwa Landrova. Mkuu wa wilaya alifika nayo kijijini, bwana shamba naye hali kadhalika. Wakubwa waliopenda Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi, jina lisilo la sifa hata kidogo, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuwawekea viongozi miiko. Landrova haikumletea mtu maneno, kwa kuwa lilikuwa gari la kazi. Land Cruiser ilipokuja ikarithi pande zote mbili. Inapita kwenye tope na mchanga, kwa hiyo mwenyewe anaweza kusema ni ya kazi. Na ndani ina viti vya ngozi na kiyoyozi, kwa hiyo raha anaipata bila kuitaja.

Kwa nini dizeli? Mafundi watakuanzia na ile injini ya lita 4.2 ya silinda sita, isiyo na turbo, iliyokuja na magari ya miradi na mashirika na kuzoeleka hadi vijijini. Mwaka 2007 ikaja Land Cruiser 200, na toleo lake la dizeli likawa na V8 ya lita 4.5 yenye turbo mbili. Kule Japani kwenyewe 200 ya dizeli haikuuzwa. Wajapani waliuziwa ya petroli. Prado ya dizeli nayo iliondolewa kwenye soko la Japani mwaka 2007, ikarudi mwaka 2015 na injini ya lita 2.8. Ndiyo maana anayeagiza V8 iliyotumika kutoka Japani huletewa ya petroli, na V8 za dizeli tulizozizoea barabarani nyingi ziliingia zikiwa mpya kwa ajili ya wizara, mashirika ya umma na miradi, zikiwa na namba za STK, SU au DFP. Raia akiendesha ya namna hiyo yenye namba ya njano, watu huona serikali imepita. Trafiki husita kabla ya kunyoosha mkono, na bodaboda humpisha bila kupigiwa honi.

Jirani zetu wa Kenya waliwahi kujaribu kuitenga serikali na magari haya. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza vigogo warudishe yenye injini kubwa na wahamie kwenye Volkswagen Passat zisizozidi cc 1,800. Leo ukitazama misafara ya wakubwa Nairobi, magari makubwa yamejaa tele.

Uamuzi wa kununua hauwi wa mtu mmoja. Kwanza kuna hesabu ya kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, VAT asilimia 18, na nyongeza ya uchakavu likiwa la zamani. Halafu kuna shemeji anayejua magari, kwa sababu kila ukoo una shemeji wa hivyo, na kuna fundi wa kwenda naye kulikagua. Fundi mzuri hukataa kulikagua mchana. Anataka kufika alfajiri, injini ikiwa ya baridi, aliwashe mwenyewe asikie linavyoitikia. Kisha anazunguka nyuma kutazama moshi. Mweusi unaozidi unamtuma kwenye nozeli, wa bluu unamwambia oili inaungua, na mweupe usiokata unamtia mashaka makubwa zaidi. Baada ya hapo anafungua kifuniko cha oili, anakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake huku injini ikinguruma. Kikitulia, anatikisa kichwa kuridhia. Kikianza kucheza na kurushwa na upepo wa ndani, anafuta mikono na kusema, “Bosi, tuondoke.” Hapo hata shemeji hunyamaza.

Wanaotamani shangingi la Kizungu lililotumika Ulaya hupewa onyo jingine. Tangu kanuni za Ulaya zilizoanza mwaka 2009, magari ya dizeli ya kule huja na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili lifanye hivyo linahitaji mwendo mrefu wa kasi. Gari linalokwenda Mwenge na kurudi Tegeta kwenye foleni halipati mwendo huo. Taa inawaka, nguvu inapungua, na mwenye gari anaanza kutafuta fundi wa kulitoboa chujio.

Likishafika nyumbani, gari huja na taratibu zake, na wote wanazifuata. Ya kwanza ni sheli. Mwenye dizeli ana sheli yake moja na hahami ovyo, kwa kuwa uchakachuaji uliwatia watu hasara kubwa. Vinasaba vya kutambua mafuta vilianza kutumika mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Hata hivyo madereva wa zamani bado hawajazi tenki lori la mafuta likiwa linashusha, wakihofia uchafu uliotibuliwa chini ya kisima cha sheli. Wakifika nyumbani humwaga maji yaliyokusanyika kwenye filta.

Ya pili ni turbo. Dereva aliyefundwa hazimi gari papo hapo baada ya safari. Analiacha lingurume dakika moja mbili ili oili iendelee kuzunguka na kuipoza turbo. Katika nyumba nyingi muungurumo huo umekuwa saa ya chakula. Mlinzi ameshafungua geti, watoto wamechukua mikoba, na jikoni wanapakua huku baba bado ameketi nyuma ya usukani.

Ya tatu ni pesa, nayo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Matenki mawili ya V8 hiyo ya dizeli yanabeba lita 138. Dizeli ikiwa sh 3,000 kwa lita, kujaza ni sh 414,000. Barabara ikiwa wazi lita moja inakupa kilomita 8 hivi, lakini foleni ya asubuhi inaishusha hadi 5 au 6. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikitangaza bei kikomo, wenye mashangingi hutangulia kufungua simu kuzisoma, ingawa wakiulizwa watasema hawajaziona. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye shangingi zina na kagari kadogo kanakokwenda sokoni na shule. Kubwa hutoka Jumapili, kwenye vikao na kwenye shughuli.

Kuna pia ujanja wa spea. Ukifika Gerezani na shangingi lako, bei ya shokapu inapanda kabla hujafungua mlango. Wenyewe huliegesha mbali, wakatembea kwa miguu wakiwa na kandambili, au wakamtuma dereva na kifaa kibovu ndani ya mfuko. Mtu anayetaka kuonekana tajiri mwezi mzima, siku ya spea anataka kuonekana kibarua.

Lakini dizeli na spea ni gharama ndogo ukizilinganisha na nafasi ambayo gari humpa mwenyewe katika jamaa. Siku ya msiba, vijana wanaopanga magari huacha uwazi karibu na turubai, wakijua shangingi la fulani litakuja. Likichelewa, linaulizwa. Likija, linapangiwa kazi: kuwachukua wajomba stendi, kufuata sanduku, kubeba wazee kwenda makaburini. Harusini ndilo litakalobeba wazazi wa bwana harusi, na kamati ikigawa kadi za mchango, mwenyewe hapewi ya kiwango cha chini hata kama mwezi huo analipia mkopo wa hilo hilo gari. Usiku wa manane mjamzito wa jirani akishikwa na uchungu, geti linalogongwa ni lake. Wazee walishasema mkubwa ni jalala, na kila mtu anatupia kwake.

Ndani ya gari nako kuna itifaki. Akiwa na dereva, bosi hukaa nyuma kushoto. Lakini mkwe au mzee wa ukoo akipanda, bosi huhama bila kuambiwa, na mzee hupewa kiti cha mbele aone njia. Kina mama hukaa katikati na vyombo vyao. Vijana huingia kiti cha tatu kule nyuma, magoti yakigusa kidevu, na hawalalamiki kwa sababu wamepanda V8. Ukipita kituoni asubuhi, unashusha kioo, unasalimia, na kama nafasi ipo unaita majirani wawili watatu. Anayepita na vioo juu kila siku husemwa, na maneno hayo hufika hadi kwa mama yake kijijini.

Mtihani mkubwa ni Desemba. Wachaga wa mjini wanapopanda Kilimanjaro kwa Krismasi, safari ambayo watani wao huiita kwenda kuhesabiwa, barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe hadi Same hujaa magari yaliyooshwa. Ni zaidi ya kilomita 500, na hapo dizeli hujitetea yenyewe: mafuta yanakaa, na kwenye vilima vya Rombo na Kibosho injini inavuta kwa mzunguko mdogo bila kupiga kelele. Waliobeba mzigo ndio wanaolifaidi, kwani gari huondoka Dar na mchele, mafuta ya kula na mablanketi ya wazee, likarudi na ndizi na maparachichi mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Njiani kuna tochi za trafiki kwenye vijiji vya mwendo wa kilomita 50, na hapo shangingi na basi hupigwa faini ileile. Kule juu gari hupelekwa kanisani, padre au mchungaji akaombwa alibariki, halafu kwa siku zote zilizobaki mwenyewe ni dereva wa kijiji. Anashusha wagonjwa hospitali, anapeleka posa, anasomba viti vya ubatizo. Akirudi Dar oili imefika wakati wa kumwagwa na mfuko umekauka.

Wapo wanaosema ni ushamba, kwamba tumeyapa mabati heshima ya watu. Hoja yao ina uzito pale ambapo mtu amekopa ili aonekane, ada za watoto zikasimama ili tairi zinunuliwe. Ila wanasahau kwamba mila hii humbana tajiri. Katika mji ambao wenye pesa wangeweza kujifungia ndani ya kuta zao za Masaki, shangingi huwatoa nje na kuwakabidhi kazi. Raha ni yake, lakini ana deni, na watu wote wanajua kiasi chake kwa kulitazama gari.

Nguvu ya deni hilo huonekana siku ya kuuza. Mwenye IST akiuza, amebadilisha gari. Mwenye shangingi akiuza, simu huanza kupigwa: baba mdogo anataka kujua kuna nini, mwenyekiti wa kamati anauliza nani atabeba wazee, mama anauliza kama kuna ugonjwa unaofichwa. Atalazimika kueleza, tena kwa mpangilio, aanze na wakubwa. Kwa hiyo anayepiga hesabu za kununua aongeze swali moja kwenye yale ya kodi, nozeli na kilomita kwa lita: je, yuko tayari kuwa mtu ambaye hawezi kuuza gari lake bila kuitisha kikao? Kama hayuko, Prado ndogo ya lita 2.8 inatosha, nayo pia watu watajifunza kuiazima.