Fizible ikikatika, uliza kwa nini

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, kuna jambo tunaloliona katika atelye na hata katika nyumba za kambi. Fizible inakatika. Mtu anatafuta kipande cha waya mnene wa shaba, anakifunga mahali pa fizible, na umeme unarudi. Wenzake wanamsifu: "Huyu ndiye fundi!" Kumbe ameondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Umeme wetu unatoka mbali. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, inatoa umeme tangu mwaka 1930. Na tangu 1982 kuna laini ya Inga inayofika mpaka Kolwezi, safari ya kilomita karibu 1,700. Njia yote hiyo ina mashini za kuulinda. Katika meta za mwisho, ndani ya ukuta wa atelye, mlinzi anayebaki ni fizible, au disjonkteri, ile inayojikata yenyewe.

Je, inalinda nini? Wengi wanajibu: mashini. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya.

Tuseme atelye moja ya zamani. Siku ya kujengwa walitia ampuli kumi za wati 100 na mashini ndogo ya kutoboa chuma ya wati 500. Jumla wati 1,500. Gawanya kwa volti 220, unapata ampere 7 hivi. Waya wa milimita mraba 2.5 na fizible ya ampere 16 vilitosha kabisa. Miaka ikapita. Ikaja kompresa inayokula wati 3,000, kisha fuko la kukausha vijiti vya kuungia vyuma, wati 2,500. Vyote vikafungwa kwenye waya uleule. Sasa ni wati 7,000, karibu ampere 32, bila kuhesabu kwamba motere inapoanza kuzunguka inavuta mara tano au hata mara saba kwa sekunde chache. Fizible ya 16 inakatika. Ndiyo kazi yake.

Ukiiwekea waya mnene, haikatiki tena, lakini ampere 32 zinaendelea kupita. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalijui: umeme ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Plastiki ya kawaida ya waya imetengenezwa kuvumilia digri 70. Ikizidishiwa inalainika, inakauka, inapasuka. Hakuna anayeona, kwa sababu iko ndani ya ukuta au juu ya dari. Inaweza kuchukua miezi. Halafu usiku mmoja, atelye ikiwa imefungwa, moto unaanza juu ya dari.

Dawa si fizible kubwa zaidi. Fundi wa umeme ahesabu kwanza mashini zote, hata zile zitakazokuja mwakani. Kila mashini kubwa ipate laini yake peke yake kutoka kwenye tablo, yenye waya wa unene unaofaa na disjonkteri inayolingana na waya huo. Mwili wa chuma wa kila mashini ufungwe kwenye waya wa ardhi. Visi za tablo zikazwe vizuri, maana visi iliyolegea inachoma hata waya mzuri. Na kwa prizi ziwekwe disjonkteri zile zinazokata umeme ukivuja miliampere 30 tu, kwa sababu kiasi kidogo zaidi ya hapo kinaweza kusimamisha moyo wa mtu, sana sana akiwa na jasho au viatu vimelowa.

Wakati wa kazi hiyo, kukata umeme hakutoshi. Kata, funga kwa kadena, weka ufunguo katika mfuko wako mwenyewe, kisha pima kwa testeri kabla ya kugusa. Pima nyaya zote tatu za nguvu, si moja. Watu wawili wakifanya kazi, kadena ziwe mbili.

Mama, nyumbani ni hesabu ileile. Reso ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye ralonji moja ni karibu ampere 14, na ralonji nyembamba ya sokoni, ya milimita mraba 0.75, haipaswi kubeba zaidi ya 6. Igushe kwa mkono wakati wa kupika. Ikiwa ya moto, au prizi imekuwa ya rangi ya kahawa, au kuna harufu kama ya plastiki inayoungua, zima na umwite fundi. Usiifunike chini ya mkeka. Watoto wanakaa hapo.

Neno moja kuhusu grupu, kwa kuwa delestaji zimewafanya wengi kuzinunua. Wengine wanaichomeka katika prizi ya nyumba ili iwashe ampuli zote. Umeme huo hautulii ndani ya nyumba. Unatoka mpaka transfoma, na transfoma inaugeuza kuwa maelfu ya volti kwenye laini. Fundi aliyepanda nguzo anajua laini imekatwa. Fundi wa umeme atakuwekea inverseri, inayotenga grupu na laini. Kabla ya hapo, unganisha frigo na ampuli moja kwa moja kwenye grupu, nayo ikae nje ya nyumba, mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi wake.