Nyumba Mpya na Furaha ya Wenyewe

Leo twataka kuzungumza juu ya nyumba. Si nyumba ya Mungu tunayokutania siku ya Jumapili, bali nyumba zetu hizi za kulala, za udongo na za mawe, za nyasi na za mabati. Swali letu ni moja tu: je, nyumba huwapa wenyewe furaha kiasi gani?

Sisi wachungaji twakutana na swali hili mara nyingi. Hapa Mbololo, ifikapo Agosti na Desemba, watu wanapokuja likizo kutoka Mombasa na Nairobi, twaitwa kubariki nyumba. Mwenye nyumba husimama mlangoni amevaa suti, mkewe ameshika ufunguo, mbuzi amekwisha kuchinjwa, na akina mama wanapika wali uani huku wakiimba. Ni siku njema, nasi twaifurahia pamoja nao.

Twasema hivi kwa sababu wako wahubiri ambao wakitaja nyumba huanza kwa kuitukana. Husema ni mavumbi, ni kitu cha kupita, tutaiacha hapa hapa. Kweli tutaiacha. Lakini mtu asemaye hivyo aghalabu yeye mwenyewe amelala mahali pakavu. Mwulizeni mama ambaye paa lake huvuja wakati wa vuli, ambaye huamka usiku kuhamisha watoto kutoka pembe hii hadi pembe ile, kama nyumba ni kitu cha kudharauliwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukueni nyumba ndogo ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Mvua ikinyesha milimita 10 tu, paa hilo hupokea lita 480 za maji. Hata kama mengine yatapotea njiani, likiwa na mifereji mizuri na tangi, mwenye nyumba amepata karibu mitungi 24 ya lita 20 katika mvua moja. Ninyi mnaokaa huku chini bondeni, upande wa kuelekea Voi, ambako nchi ni kavu na ndovu wa Tsavo nao wanayatafuta maji hayo hayo, mwajua ni safari ngapi za alfajiri ambazo mama huyo hatakwenda. Hali kadhalika sakafu. Funza hupenda kukaa katika vumbi la sakafu ya udongo. Sakafu ya saruji ikifagiliwa, miguu ya watoto hupona. Tena kuna mlango wa ndani, ambao mume na mke waweza kuufunga wakazungumza mambo yao pasipo watoto kusikia. Hii yote ni furaha ya kweli, na yampasa mtu kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Maandiko nayo hayaidharau. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 20, twasoma amri za vita. Jeshi limepangwa, adui yuko mbele, kila mkono wahitajiwa. Ndipo maakida wanatangaza kwamba mtu aliyejenga nyumba mpya naye hajaiweka wakfu, na arudi kwake, asije akafa vitani na mtu mwingine akaingia kuiweka wakfu. Fikirini jambo hilo! Taifa lina vita, na Mungu anamwachilia askari aende kuonja furaha ya nyumba yake. Lakini angalieni vilevile mlango wa 22, mstari wa 8: ajengaye nyumba mpya aliamriwa kujenga ukingo darini, mtu asije akaanguka akafa. Hivyo furaha ya mwenye nyumba ilifungwa pamoja na usalama wa wageni wake.

Tena, anayetaka kujua thamani ya nyumba na awaulize walionyang'anywa. Sisi watu wa Taita hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka wa 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika katika nchi yetu, Waingereza waliwashuku watu wa mlima wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Vijiji vyao vilichomwa moto, nao wakaondolewa wote, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani walitupwa katika joto la pwani lenye homa, na wengi walikufa huko. Waliobaki walingoja miaka mingi kabla ya kukaa tena chini ya mlima wao. Nyumba zilizochomwa zilikuwa za miti na nyasi tu. Fundi mzuri angezijenga tena kwa majuma machache. Kama furaha ingekuwa katika miti na nyasi, wangejenga nyingine kule kule Malindi, maneno yakaisha. Lakini kule hakukuwa na makaburi ya wazazi wao, wala chemchemi waliyoijua, wala jirani wa kuomba moto kwake. Wakautamani mlima wao.

Basi tumeona mambo mawili. Nyumba njema ni furaha kweli, na mtu akiondolewa kwake huumia kweli. Sasa twataka kusema neno ambalo huenda likawakasirisha baadhi ya ndugu zetu, hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa Mombasa.

Wako wengi miongoni mwenu mnaoishi katika chumba kimoja cha kupanga kule Changamwe au Mikindani. Mwajinyima. Hamnunui kitanda kizuri, hamtundiki pazia, hamjui jina la jirani wa ukuta wa pili, kwa maana mwasema, "Hapa tunapanga tu, kwetu ni Taita." Mshahara wote waenda kwenye mawe, saruji na mbao za nyumba ya Mbololo. Baada ya miaka mingi nyumba inakwisha, inabarikiwa, inafungwa kwa kufuli. Mwenyewe analala humo labda usiku kumi kwa mwaka. Kwa miaka ishirini hizo ni siku mia mbili. Hata mwaka mmoja haukutimia! Anayezifaidi sebule na taa ni mlinzi, naye mara nyingi huogopa kukalia viti. Wazazi wako nyuma, katika jiko la zamani lenye moshi, kwa sababu hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba nyumba kubwa ni yao pia. Twauliza kwa upendo: furaha hiyo ni ya nani? Mara nyingine twaona ni ya wapita njia wanaoitazama toka barabarani.

Hatusemi msijenge kwenu. La hasha. Lakini kumbukeni barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia wafungwa waliokuwa Babeli, katika mlango wa 29 wa kitabu chake. Watu wale walikuwa na sababu kubwa kuliko ninyi ya kusema, "Hapa si kwetu." Hata hivyo Bwana aliwaagiza wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuzaa, na kuuombea amani mji ule. Ikiwa mtu aweza kuwa na nyumba huko Babeli, bila shaka aweza kuwa nayo katika chumba cha kupanga cha Changamwe. Watoto wenu hawatakumbuka nyumba ya Mbololo mliyoijenga. Watakumbuka chumba kile walimokulia, kama kilikuwa na maombi ya jioni au kilikuwa na magomvi ya pesa za saruji.

Na kwa habari ya magomvi, Mfalme Daudi alikuwa na nyumba nzuri sana. Samweli wa Pili, mlango wa 5, yatuambia kwamba Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea mierezi, na maseremala, na waashi, wakamjengea nyumba. Someni mbele, mlango kwa mlango. Alikuwa akitembea juu ya dari ya nyumba hiyo hiyo alipomwona mke wa Uria. Mwanawe Amnoni alimtendea Tamari uovu, na binti huyo akakaa nyumbani kwa ndugu yake Absalomu akiwa mkiwa. Daudi alisikia, akakasirika, lakini haturidhiki kwamba alifanya neno lolote la kumsaidia binti yake. Kisha akaja kuikimbia nyumba ile ya mierezi, akipanda mlima miguu mitupu huku analia, kwa kumwogopa mtoto wake mwenyewe. Ukweli ulikuwa hausemwi nyumbani mwake, wala waliokosewa hawakusikilizwa, na uzuri wa mbao haukuweza kuyaponya hayo.

Juu ya mafundi tutasema kifupi. Nabii Yeremia alimkaripia mfalme aliyejenga vyumba vipana pasipo kuwalipa wafanyakazi wake. Basi kabla ya kumwita mchungaji, mlipe fundi.

Liko jambo lingine ambalo tumeliona kwa macho yetu mara nyingi kupita kiasi. Tunapoitwa kubariki nyumba twaambiwa, "Hii ni nyumba ya Bwana Fulani." Mke aliyeteka maji ya kukorogea saruji, aliyeuza ndizi na kuku ili bati lipatikane, hatajwi. Siku bwana huyo akifa, arobaini haijaisha, mashemeji wanakuja kuhesabu madirisha. Tumewaona wajane waliotolewa katika nyumba ambazo sisi wenyewe tuliziombea. Ndugu wanaume, sikilizeni. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, humhesabu mjane na watoto wote, wa kiume na wa kike, kuwa warithi. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 yakataza makao ya ndoa yasiwekwe rehani pasipo mume na mke wote wawili kukubali kwa maandishi. Yakataza vilevile mmoja kumfukuza mwenzake humo pasipo amri ya mahakama. Sheria iko, lakini mjane aliyefiwa jana hana nguvu ya kwenda mahakamani. Andika wosia ungali hai. Hati ya shamba ifuatiliwe, na jina la mkeo liwe ndani yake. Kuna watu wanaoona haya kuandika wosia, wakidhani ni kuita kifo. Twawaambia kwamba tumezika wengi ambao hawakuandika.

Kwa sababu ya mambo haya yote, siku hizi tukiitwa kubariki nyumba twauliza maswali machache kabla ya kuweka tarehe. Nani atalala humu usiku wa leo, na nani atalala humu mwezi ujao? Wazazi watakaa wapi? Yuko mtu wa jamaa hii ambaye hakualikwa kwa sababu ya ugomvi? Mara ya kwanza watu walishangaa, wengine wakanung'unika kwamba mchungaji amekuwa karani. Lakini jamaa moja yenye nyumba huku mlimani walijibu kwa ukweli. Mama mzee alikuwa amekataa kabisa kuhamia katika nyumba ambayo mwanawe alimjengea. Mwana alifikiri mama hapendi sakafu baridi. Tulipomwuliza mama, alisema hawezi kuwa wa kwanza kulala katika nyumba ambayo mwenyewe hajawahi kulala. Ataonekana kama mlinzi.

Tukaahirisha baraka. Mwana akarudi kazini, akaomba likizo ya majuma mawili, akaja pamoja na mkewe na watoto, wakalala humo. Usiku wa tatu mama aliingia na kitanda chake cha kamba, akakataa kile cha dukani, akachagua chumba kilicho karibu na jikoni. Jumapili iliyofuata tulikwenda kuomba, chumba kwa chumba. Mama alituongoza yeye, naye ndiye aliyeshika ufunguo.

Bwana awape amani ninyi nyote mnaotusikiliza, pamoja na wote walio chini ya paa zenu.