Vita vya Kagera na Askari Aliyerudi: Nani Amemwandika?

Katika semina zetu za fasihi, mada ya vita ikija huwa tunajua pa kuanzia. Tunaandika ubaoni "dhamira kuu: ukombozi", chini yake "uzalendo" na "mshikamano", halafu haraka tunahamia kwenye fani. Nami nimefanya hivyo miaka miwili, na alama nimepata. Makala hii imetokana na siku moja ya likizo ambapo mtindo huo ulinishinda, tena mbele ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la tahakiki.

Mtu huyo ni mdogo wake babu mzaa baba, nasi tunamwita Babu tu. Anaishi Mwika, upande wa mlima ambako asubuhi unatazamana zaidi na Mawenzi. Alipigana Kagera. Nilikuwa na kazi ya kuandika juu ya tenzi za vita, nikajiona mwenye bahati: wenzangu watahangaika maktaba, mimi chanzo ninacho nyumbani. Nikampelekea kitabu cha Henry Muhanika kilichotoka mwaka 1981, Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Nikamsomea jina. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Anguko la Amin," akasema. "Sawa. Amin kaanguka mwezi wa nne. Mimi nimeshuka kwenye lori pale Moshi mjini mwaka uliofuata. Sasa hapo katikati kaandika nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo ninalitafuta.

Kwa wasomaji wenzangu ambao vita vile huvisikia redioni kila Julai 25 tu, nikumbushe kidogo. Majeshi ya Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa, achilia mbali ng'ombe walioswagwa na daraja la Kyaka lililovunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT wakaingizwa vitani pamoja na JWTZ. Masaka ikatekwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili. Idadi ya askari wetu waliokufa inayotajwa sana ni 373. Hayo yote yanaingia vizuri kwenye utenzi, maana yana mwanzo, yana adui na yana kilele.

Sasa tazama tulichorithi. Tenzi za vita tunazosoma kutoka wakati wa Wajerumani ni za vita vilivyoshindwa. Hemedi bin Abdallah aliandika jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akaandika vita vya Maji Maji. Wale walikuwa na nafasi ya majonzi kwa sababu matokeo yenyewe yalikuwa majonzi. Shaaban Robert, ambaye hakuwa askari, alivifuatilia Vita Vikuu vya Pili kwa mbali na kutuachia Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kagera sisi tulishinda. Na nadhani, wahadhiri wangu mnisahihishe, ushindi ndio uliofunga mlango. Mtu aliyeshindwa akilia tunamwelewa. Aliyeshinda akilia usiku, tutamwingiza katika dhamira gani?

Angalia hata majina ya vitabu. Baldwin Mzirai mwaka 1980 alitoa Kuzama kwa Idi Amin. Muhanika akaja na anguko la Idi Amin. Amin anazama, Amin anaanguka. Askari wetu katika jina la kitabu hayumo. Sisemi waandishi hao walikosea. Waliandika moto ukiwa bado haujapoa, na taifa lilitaka kusikia kwamba kazi imekwisha. Ninachosema ni kwamba sisi wahakiki tumeridhika mapema mno na tarehe 11 Aprili.

Mkenya amelifanya jambo hili kabla yetu. Katika Weep Not, Child (1964), Ngũgĩ wa Thiong'o anatuonyesha Boro, aliyerudi toka vita vya Mwingereza akiwa amemwacha nduguye Mwangi huko amekufa. Boro hana kazi, ardhi ya baba yake imechukuliwa, naye hasemi sana. Anakunywa na kumlaumu baba yake. Baadaye anaingia msituni, na kuua hakumsumbui tena. Mwandishi hatupi mapambano yenyewe ya vita vile vya kwanza. Tunaona tu kilichorudi. Lakini Boro alipigana vita vya mkoloni, kwa hiyo hasira yake ni rahisi kuihalalisha. Babu yangu alipigana vita ambavyo hata leo ninaviona vya haki. Hapo ndipo mtihani ulipo.

Na kilichorudi Mwika ni nini? Nitasema kile ninachokijua mwenyewe, pamoja na kile ambacho bibi huwa anakisema jikoni.

Kwanza radio. Babu ana redio kubwa ya zamani aliyorudi nayo Uganda. Haijawahi kuwashwa mbele yangu, wala hakuna anayeuliza aliipataje. Ninajua kwamba sehemu kubwa ya mji wa Masaka ilivunjwavunjwa na majeshi yetu baada ya kutekwa, kwa kisasi cha yaliyotendeka Kagera. Hili limeandikwa na wengi. Niliwahi kumtajia Babu neno Masaka. Alinyanyuka akaenda kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe alikwisha kula.

Halafu masika. Yale makombora yetu ya kurusha mfululizo Waganda waliyabandika jina la Saba Saba, kwa mlio wake. Mvua kubwa ikipiga ngurumo huku mlimani, Babu hakai ndani. Anatoka anakwenda kusimama kwenye migomba, analowa, kisha anarudi na kuomba chai. Bibi alizoea, akawa anamwekea koti kavu mlangoni. Sijui kwa nini koti hilo linanigusa kuliko beti zote nilizokariri.

Lakini gharama hii haikuwa ya askari peke yake. Nchi iliambiwa ifunge mkanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita bila sukari kurudi dukani. Wazee wa Moshi watakwambia habari za foleni za sabuni na unga kuliko habari za mizinga. Babu alirudi shujaa, akapokewa kwa mbege, na baada ya juma moja alikuwa kwenye foleni ileile na watu wengine. Eti mara moja alijaribu kupita mbele kwa kusema yeye katoka Kagera. Mama mmoja akamjibu: "Na mwanangu je? Yeye mbona hajaja kupanga foleni?"

Mama yule, kwa maelezo ya bibi, mwanawe hakurudi. Hapa ndipo utafiti wetu ungeweza kuchimba. Kwetu marehemu anazikwa kihambani, kwenye migomba yake, na sale hupandwa. Mashujaa wa Kagera wako Kaboya, wilayani Muleba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria ukitazama toka kwetu. Makaburi yale yanatunzwa kwa heshima, na taifa huenda kuweka mashada. Ila kihamba kimebaki na nafasi tupu, na nafasi hiyo haina mshairi.

Kuna jambo moja linalonichekesha kwa uchungu. Mwishoni mwa Machi 1979, wanasiasa wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Aliapishwa kuwa rais Aprili. Juni alikuwa amekwisha kuondolewa. Vitabu vya historia vinautaja mji wetu kwa mkutano ule. Nimetafuta hadithi, tamthilia, hata shairi la gazetini, inayoutaja mji wetu kwa lori lililomshusha askari mwaka 1980, akiwa na redio begani, akitafuta gari la kupanda Himo.

Mwenzangu mmoja semina amenipinga. Anasema fasihi si hospitali, na kwamba mwandishi akianza kuwachambua askari wetu usingizini atakuwa anawavunjia heshima. Hoja yake nimeipima. Ningeikubali kama ni sisi tuliomtaka Babu aseme. Lakini yeye ndiye aliyeuliza.

Siku ya kuondoka nilimwachia kile kitabu. Macho yake hayasomi vizuri siku hizi, hivyo nilimwambia mdogo wangu awe anamsomea jioni. Juzi amenipigia simu: wamefika beti chache tu, kwa sababu kila palipotajwa mahali Babu anamsimamisha na kusema, "Hapo ngoja." Halafu anakaa kimya, na mdogo wangu anasubiri.