Kiatu cha Mabwana Wawili

Yeyote aliyewahi kukaa ufuoni wakati maji yanapokupwa, akawatazama wageni waliokuja kuzamia wakiteremka baharini na mapezi yao miguuni, atakuwa ameona jambo moja la kuchekesha, nalo ni kwamba watu wale, ambao wengi wao ni watu wazima wenye heshima zao, huenda kinyumenyume kama mtu anayetoka mbele ya sultani, wakinyanyua magoti na kuchungulia juu ya mabega, ilhali maji yenyewe hayajawafika hata kwenye miundi. Mwenye kucheka na acheke, lakini ajue kwamba kicheko chake kimegusa kiini cha taabu yote ya ufundi huu. Mguu wa binadamu umeumbwa kukanyaga nchi kavu, na pezi limebuniwa kusukuma maji, na anayetaka kuviunganisha viwili hivyo anatengeneza kiatu chenye mabwana wawili wasiosikilizana. Nimeshughulika na fani hii muda wa kutosha kuamini kwamba ubapa wa pezi, ule ambao wanunuzi huutazama kwanza na kuuulizia bei, si jambo gumu; kilicho kigumu ni pale ubapa unapokutana na mguu.

Na tuanze na maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kadiri ya mara 800, na kwa hiyo muogeleaji hukuta ndani yake vitu viwili kwa pamoja, kizuizi cha kumrudisha nyuma na egemeo la kumpeleka mbele. Mguu mtupu hupata egemeo hafifu, kwa kuwa wayo ni mdogo na kila pigo husukuma maji machache kwa kasi kubwa. Pezi husukuma maji mengi kwa kasi ndogo, na hapo ndipo ilipo hikima yake, maana kiasi fulani cha maji kikisukumwa kwa kasi maradufu humpa mtu msukumo maradufu lakini humtoza nguvu mara nne. Mwenye kusukuma mengi polepole hufika alikokusudia akiwa na pumzi, na mwenye kusukuma machache kwa haraka hufika taabani, iwapo atafika. Mvuvi wa ngalawa analijua jambo hili bila ya kufundishwa hesabu, kwani hakuna aliyemwona akichonga kafi lenye ubapa wa kijiko. Lakini kafi hushikwa kwa mikono, ambayo hugeuka itakavyo, na pezi hushikwa na mguu, ambao haugeuki ila kwa mipaka.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuiandika mipaka hiyo ni Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706 na kuja kujulikana kwa mambo ya umeme na siasa. Alipokuwa kijana alijitengenezea vibao viwili vya umbo la yai, vyenye urefu wa inchi 10 na upana wa inchi 6 hivi, kila kimoja na tundu la kidole gumba, akaogelea navyo viganjani, akaona kwamba anakwenda kasi zaidi ila vifundo vya mikono vinachoka. Akajifunga na nyayoni namna ya ndara, lakini hizo hazikumridhisha, na sababu aliyoitaja baadaye, katika barua kwa rafiki yake wa Ufaransa, ni sababu ya mtu aliyejichunguza vyema: kwamba muogeleaji hapigi maji kwa wayo peke yake, bali kwa upande wa ndani wa mguu na kwa kifundo. Kifundo! Wengi waliokuja baada yake walilisahau neno hilo. Mtu wa kawaida akiunyosha mguu wake kama mcheza ngoma anayesimama juu ya ncha za vidole, kifundo chake hujikunja kiasi cha digrii 50, na ili wayo ulingane sawasawa na muundi zingehitajika 90. Hizo 40 zilizopungua ndizo fundi wa mapezi hushindana nazo maisha yake yote, naye huliziba pengo kwa kuuinamisha ubapa chini ya mstari wa wayo, ndiyo maana pezi zuri likiwekwa sakafuni huonekana kana kwamba limevunjika shingo.

Karne mbili zilipita kabla ya mtu kulirudia jambo la Franklin na kulifikisha mwisho. Louis de Corlieu, afisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, aliwaonyesha maafisa wenziwe mapezi yake mwaka 1914, na mwaka 1933 akapata hataza. Naye Owen Churchill, Mmarekani wa mashua za tanga aliyekwisha kupata nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, alifika Tahiti akaona vijana wakiogelea na mapezi miguuni, akaulizia habari zake hata akafikishwa kwa de Corlieu, akanunua idhini ya kuyatengeneza kwao. Mwaka 1940, alipoanza kuyauza, aliuza jozi 946 tu. Vita vilipopamba moto, wazamiaji wa majeshi ya Marekani na Uingereza wakawa wateja wake, na biashara ikapata uhai. Mapezi ya Churchill yalikuwa ya mpira mtupu, na gidamu yake ya kisigino iliumbwa pamoja na kiatu, haikazwi wala hailegezwi. Mguu ndio uliolazimika kukubaliana na pezi.

Baada ya vita ufundi uligawanyika njia mbili. Luigi Ferraro, Mwitalia aliyekuwa mzamiaji wa jeshi, alibuni katika miaka ya 1950 pezi la kampuni ya Cressi liitwalo Rondine, maana yake mbayuwayu, ambalo kiatu chake huufunika mguu mzima hadi kisigino. Kiatu cha namna hii, kikiwa saizi yake hasa, hakina mshindani katika bahari zetu za joto, kwani huvaliwa mguu mtupu na hakuna nguvu inayopotea baina ya mfupa na ubapa. Lakini neno zito hapo ni hilo “saizi yake hasa”, maana kikibana kidogo huleta ganzi, na kikipwaya kidogo huchubua, na miguu ya mtu mmoja yenyewe aghalabu haifanani.

Njia ya pili huacha kisigino wazi na kumshika mtu kwa gidamu, na ndani yake huvaliwa buti fupi la neoprini, mpira ule uliobuniwa na wataalamu wa DuPont mwaka 1930, ambao ukiumuliwa kama mkate kwa vipovu vya gesi huhifadhi joto la mwili majini. Kwa mtazamo wa kwanza hiki ndicho kiatu chenye kukubali kila mguu, kwani gidamu hukazwa na kulegezwa, na mwenye kukodisha vyombo vya kuzamia akiwa na saizi chache tu aweza kuwavisha wageni wake wote wa siku. Lakini bahari ina hila zake. Mzamiaji akishafika mita 10, mgandamizo juu ya mwili wake huwa maradufu ya ule wa juu ya maji, na vile vipovu husinyaa. Buti lililokuwa nene ufuoni hunywea kilindini, na gidamu aliyoikaza kwa bizimu na kuridhika nayo huanza kucheza kisiginoni. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulipoteza pezi namna hiyo, nikalitazama likizama taratibu mithili ya jani, nisijue kosa ni langu au la bizimu, mpaka mwalimu wangu aliponieleza kwamba hapakuwa na kosa la yeyote kati yetu. Dawa yake si kukaza zaidi, kwani aliyekaza zaidi juu ya maji hufa ganzi kabla hajazama. Dawa ni kamani ya chuma kisichoshika kutu, inayozunguka kisigino mahali pa gidamu, ambayo hujivuta buti linaponywea na kujinyoosha linapovimba, pasipo mkono wa mtu kuigusa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa bora kilichozuliwa katika fani hii tangu siku za Churchill, na ajabu ni kwamba wanunuzi hukiona kama kidude cha ziada tu.

Ubapa nao una habari zake, ambazo nitazipitia upesi. Huwa mnene penye shina na mwembamba penye ncha, ili upinde taratibu kama mkia wa jodari. Kingo za pembeni husimamishwa ili maji yasimwagikie ubavuni. Na mwaka 1964 Georges Beuchat wa Marseille akatoa pezi zito la mpira lenye matundu shinani, aliloliita Jetfin, ambalo wanaolipenda hawataki kusikia jingine, na wasiolipenda husema uzito wake wafaa nanga. Ugumu wa ubapa humfaa mtu kwa kadiri ya mapaja yake: ule unaompa mmoja kasi humpa mwingine mkakamao wa shavu la mguu kabla hajaufikia mwamba. Kwa hiyo wapo wazamiaji wa pumzi moja, wenye mapezi marefu yanayokaribia mita nzima, ambao hununua kiatu kimoja na bapa za aina mbili au tatu, za plastiki kwa mazoezi, za nyuzi za kioo au za kaboni kwa siku yenyewe, wakazibadilisha kwa skrubu chache.

Turudi kwa yule anayekwenda kinyumenyume. Wamekuwapo mafundi waliojaribu kumwokoa kwa kuweka bawaba baina ya kiatu na ubapa, ili afikapo nchi kavu aukunje ubapa ukalale mbele ya muundi, atembee kwa soli kama watu wengine, kisha arudipo majini auteremshe ukajifunga. Jambo hili limefanywa, na siku ya kwanza linapendeza mno. Ila bawaba imewekwa palepale ambapo nguvu yote ya pigo hupita, na mchanga na chumvi huitafuta kama sisimizi wanavyotafuta sukari, na bawaba inayogoma ukiwa mbali na ufuo si jambo la kuchekesha tena. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nachagua kiatu kinachobaki mguuni na pezi linalovuliwa.

Na hapo ndipo kiatu cha majini, ambacho watu hukiona kama yeboyebo ya kitalii, kinapopata cheo chake. Wakati wa bamvua huku Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 4 hivi, na mtu aweza kutembea mwendo mrefu juu ya matumbawe kabla hajakuta kina cha kuogelea. Soli ya kiatu hicho yapaswa kuizuia miiba mirefu myeusi ya viumbe wanaojibanza katika mashimo ya matumbawe hayo, na wakati huohuo iwe laini kiasi cha wayo kujua umekanyaga nini. Na matundu yanayotoa maji ndiyo hayohayo yanayoingiza mchanga. Dhidi ya mwiba wa taa, ambao hupiga juu ya soli, hakuna kiatu chepesi kinachofaa, bali kukokota nyayo mchangani ili asikie ujio wako aondoke.

Wazee wetu walikuwa na mitalawanda ya kwendea hamamuni, ambayo haikushikwa kwa ukanda wowote ila kwa msuruaki uliosimama baina ya kidole gumba na mwenziwe, kwa kuwa aliyeichonga alijua kwamba kidole hicho hushika. Wajapani nao walilijua hilo, na soksi zao za tabi zilitenga kidole gumba peke yake; mwaka 1923 Ishibashi Shojiro wa Kurume, aliyekuja kuasisi Bridgestone, alizitia soli ya mpira kwa ajili ya watu wa kazi. Buti za neoprini zenye kidole kilichotengwa, ambazo leo huvaliwa na wapanda mawimbi penye miamba, ni wajukuu wa kiatu hicho, na mwenye kusimama juu ya ubao unaovutwa na tiara pale Paje, upepo wa kusi ukimsukasuka, ataufahamu upesi msuruaki ulikuwa wa kazi gani.

Yuko mtu mmoja tu ambaye fundi hakulazimika kusuluhisha baina ya mguu wake na pezi, naye ni yule aliyekatwa mguu chini ya goti. Vipo vifundo bandia vya majini vyenye mikao miwili: wa kwanza huusimamisha wayo kwa kutembea, na wa pili, kufuli ikifunguliwa, huunyoosha ukakaribia kulingana na muundi, ukajifunga hapo kwa kuogelea na pezi la kawaida. Pengo la zile digrii 40 kwake hupungua. Nilimwona mmoja akifanya hivyo maji yalipomfika kiunoni: alisimama kwa mguu wake wa damu, akakibonyeza kifundo kikalia, akalivisha pezi, akatangulia, nasi wenye vifundo viwili tulikuwa bado tunarudi nyuma, tukichungulia juu ya mabega.