Kufufua Pawatila Kuukuu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vipuri

Tangu Azimio la Kilimo Kwanza lilipotangazwa mwaka 2009, matrekta madogo ya kuongozwa kwa mkono, ambayo wakulima wengi huyaita pawatila, yameenea katika wilaya nyingi za nchi yetu, hususan kwenye skimu za mpunga na mashamba ya mbogamboga. Baadhi yangali yakilima. Mengine yameegeshwa nyuma ya maghala na chini ya miembe, magurudumu yakiwa yamezama udongoni. Mlaji anapoambiwa kwamba chombo kama hicho kinauzwa kwa bei ya kutupa, jambo la kwanza analouliza ni kiasi gani. Sisi tunashauri aanze na swali jingine: injini yake ni ya namba gani, na je, vipuri vya namba hiyo vinapatikana?

Pawatila nyingi tunazokutana nazo zimefungwa injini ya dizeli ya silinda moja iliyolala, yenye muundo wa Kichina, ipozwayo kwa maji na kuwashwa kwa hendeli. Jina la injini hiyo lina maana. Tarakimu ya kwanza hutaja idadi ya silinda, na zinazofuata hutaja kipenyo cha silinda kwa milimita. Hivyo S195 ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95, R175 ni ya milimita 75, na ZS1100 ni ya milimita 100. Anayekwenda dukani akisema tu “nataka pistoni ya pawatila” anamwachia muuzaji amchagulie. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati kilichopigwa ribiti ubavuni mwa injini, na namba ya pekee ya chombo hugongwa kwenye chuma chenyewe. Kibati kikiwa kimeng’olewa na namba ikiwa imesagwa, usinunue, hata kama bei ni ndogo kiasi gani. Kwa chombo kisicho na dosari hiyo, dai hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya kijiji au ya mtaa, na namba ya injini iandikwe humo.

Kukagua kabla ya kulipa

Chombo kinachowaka hukaguliwa kikiwa baridi. Muuzaji aliyekiwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Zungusha hendeli polepole bila kuinua kishikio cha kupunguza mgandamizo: injini nzima itakataa kwa nguvu na kurudisha mkono kama springi. Ikizunguka kwa ulaini kama kinu kitupu, basi ringi, laina au vali zimechoka. Injini ikishawaka, tazama moshi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli inayomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza.

Hapa tuondoe hofu moja. Injini za aina hii zenye hodhi la maji lililo wazi juu yake zimebuniwa ili maji yachemke. Mvuke ndio unaoondoa joto, na kazi ya mwendeshaji ni kuongeza maji. Wapo walaji waliotozwa fedha za kubadilisha gasketi kwa sababu tu maji yalichemka. Dalili ya gasketi mbovu au kichwa kilichopasuka ni viputo vinavyopanda mfululizo hodhini mara injini inapowaka, maji yakiwa bado baridi. Dalili nyingine ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yamepita kwenye gasketi au kwenye sili za mpira zinazozunguka laina.

Injini iliyokwama kabisa haihukumiwi kwa siku moja. Toa nozeli, mimina oili nyepesi silindani, uiache siku kadhaa kabla ya kujaribu kuizungusha. Kuigonga kwa nyundo au kuivuta kwa gari hugeuza kutu kuwa chuma kilichovunjika.

Vipuri

Gharama ya kufufua haitoki kwa fundi. Hutoka kwenye vipuri, na hasa vipuri vinavyonunuliwa mara mbili. Kutokana na uchakavu wa kawaida utahitaji sili, gasketi, beringi, mikanda, ringi na pengine laina na pistoni. Mikanda inayopeleka nguvu kwenye klachi hufungwa kadhaa pamoja. Ibadilishe yote kwa mkupuo, kwa kuwa mpya mmoja kati ya michakavu hubeba mzigo peke yake na kuisha mapema.

Beringi ndiyo hughushiwa kwa urahisi, kwa kuwa boksi na jina huchapwa popote. Linganisha maandishi ya kwenye boksi na yale yaliyochongwa kwenye chuma. Herufi zinazofutika kwa kidole, namba zisizolingana au uzito tofauti na wa beringi uliyoitoa ni sababu ya kutosha ya kuirudisha mezani. Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Chukua kipuri cha zamani. Mwambie fundi mapema kwamba kila kilichotolewa utakabidhiwa katika mfuko. Fundi mwaminifu hatakasirika, na desturi hiyo humlinda yeye pia.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au kuiita mpya ilhali imetumika, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusika na bidhaa zenye alama za kughushi. Kipuri kilichotumika si haramu. Kosa ni kukipaka rangi na kukiuza kama kipya. Aidha, lile tangazo la ukutani lisemalo “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” haliwezi kuhalalisha udanganyifu.

Siku ya kuiwasha

Tunarefusha maelezo hapa kwa makusudi, kwa kuwa mfukoni kunaweza kujazwa tena lakini mkono haurudi. Katika injini ya S195 na jamaa zake, pampu ya dizeli ina kipini kidogo ambacho hutakiwa kuingia katika uma wa mkono wa gavana. Pampu ikirudishwa kwa haraka, kipini hicho huweza kubaki nje ya uma. Kwa nje kila kitu kitaonekana kimefungwa sawasawa. Injini itawaka, kisha itapanda kasi bila kikomo, kwa kuwa hakuna tena kinachopunguza dizeli, na kishikio cha mafuta ulichoshika hakitakuwa na kazi. Kwa injini iliyoundwa kuzunguka mara 2,000 kwa dakika yenye gurudumu zito la chuma ubavuni, matokeo yake yanaweza kuwa mauti.

Basi fundi ahakikishe kwa macho, siyo kwa kubahatisha, kwamba kipini kimo ndani ya uma kabla ya kukaza boliti. Siku ya kuwasha, toa chujio la hewa na uweke kipande cha ubao karibu na mdomo wa hewa. Injini ikikimbia, zibeni mdomo huo kwa ubao, kamwe siyo kwa kiganja. Watoto na watazamaji wasisimame usawa wa gurudumu. Kazi ifanyike nje, kwa sababu moshi wa injini ndani ya banda huua kimyakimya. Wala usijaribu nozeli kwa kuielekezea kidole: dizeli itokayo kwa shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo, japo huonekana dogo kama la sindano, linahitaji hospitali siku hiyohiyo. Vikinga vya mikanda na vya visu vya kulimia, ambavyo kwa kawaida ndivyo vya kwanza kupotea, vichongeshwe upya kabla pawatila haijaingia shambani.

Kipuri kikiharibika mapema, usimwachie muuzaji boksi wala kipuri chenyewe kwa ahadi ya “tutaangalia”. Kipige picha pamoja na risiti ya kielektroniki, andika tarehe kilipofungwa na jina la fundi, mweleze muuzaji malalamiko yako kwa maandishi ubaki na nakala, kisha ulete vyote katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.