Pumba Tunazowapa Kuku

Katika kikao kimoja cha viongozi tulichohudhuria hivi karibuni, ajenda ilikuwa afya ya wananchi. Ilipotimu adhuhuri tuliandaliwa wali mweupe, chapati za unga mweupe na soda. Wengi wetu mezani, sisi wenyewe tukiwamo, tulikuwa na vitambi visivyohitaji mizani.

Wazee wetu wa Unguja na Pemba walikula mkate wa mofa wa mtama, na mchele wa kutwanga kinuni uliobakiwa na sehemu ya wishwa wake. Leo mashine hukoboa nafaka mpaka ikang'aa. Ganda na kiini, vyenye nyuzinyuzi, vitamini na madini, huenda kwa kuku. Sisi twabakiwa na wanga.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kuwa maradhi kadhaa ya utumbo yaliyowasumbua watu wa Ulaya yalikuwa haba kwa wakulima wa huko, akayahusisha na upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula cha Wazungu.

Wataalamu wa Denmark nao waliwachukua watu wazima 60 waliokabiliwa na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, wakawalisha nafaka nzima kwa wiki 8, na zilizokobolewa kwa wiki 8 nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa nafaka nzima walikula kidogo zaidi, uzito ukapungua, na alama za uvimbe wa ndani zinazopimwa katika damu zikashuka. Lakini vijidudu vya utumboni havikubadilika sana. Basi tujihadhari na wauzao dawa za kusafisha tumbo!

Tusimlaumu mwananchi. Mchele mwingi hufika bandarini umekwisha kobolewa, naye hununua kilichopo dukani. Lawama ni ya wenye madaraka juu ya jikoni za hospitali, shule na vikao. Hao wanaweza kuagiza dona na mtama kesho. Kweli, dona huharibika upesi kwa mafuta ya kiini chake. Basi lisagwe kidogo kidogo. Na mlaji aanze taratibu, akinywa maji ya kutosha, kwani tumbo lililozoea unga mweupe hujaa gesi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa kikao chetu kijacho tumekwisha mwomba mpishi atuwekee mkate wa mofa. Amecheka, akauliza kama wakubwa wataula.