Tasnifu ya Uzamili katika Astronomia: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Mada

Na Mwandishi Wetu

Uchaguzi wa mada ya tasnifu ni uamuzi ambao, ukikosewa, unaweza kumgharimu mwanafunzi wa uzamili mwaka mzima wa masomo pamoja na ada iliyolipwa na familia au mwajiri wake. Astronomia, sayansi ya vitu vya angani isiyo na uhusiano wowote na utabiri wa nyota za bahati, huwavutia vijana wengi waliosoma fizikia na hisabati. Mvuto huo ndio huwafanya baadhi yao kuwasilisha mapendekezo yenye mada kama "Mashimo Meusi na Asili ya Ulimwengu", ambayo mtafiti hawezi kuimaliza katika umri wake wote, seuze katika miaka miwili.

Jambo la kutangulia ni upatikanaji wa data. Muda wa kutumia darubini kubwa hugombewa na watafiti wa dunia nzima, na mawingu ya msimu wa mvua hayamsubiri mwanafunzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vipimo vya anga hutolewa bure. Mwezi Juni 2022, mradi wa Gaia wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya ulitoa vipimo vya nyota zinazokaribia bilioni 1.8. Darubini ya TESS ya Marekani, iliyorushwa Aprili 2018, hutazama kila eneo la anga kwa takriban siku 27 mfululizo, na data zake huwekwa wazi kwa umma. Mwanafunzi aliyeko Dodoma au Kisumu hupakua vipimo vilevile anavyovitumia mwenzake wa Paris.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anavutiwa na nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana na ambazo, zikitazamwa kutoka duniani, hupatana kama Jua linavyopatwa na Mwezi. "Tabia za nyota pacha" si mada ya tasnifu; ni somo zima. Lakini akichagua jozi kumi zilizotazamwa na TESS zaidi ya mara moja, akauliza kama muda kati ya kupatwa kumoja na kingine umebadilika, amepata swali linalojibika. Mabadiliko yakionekana, huenda nyota moja inamwaga gesi yake kwa nyingine, au ipo nyota ya tatu iliyojificha. Yasipoonekana, anaweza kueleza ni kiasi gani cha mabadiliko ambacho vipimo vyake vingekigundua, na hayo pia ni matokeo halali. Mada inayotegemea jibu la aina moja tu ili tasnifu ikamilike ni mada ya hatari.

Yapo pia maswali ambayo eneo letu lina nafasi ya pekee ya kuyachunguza. Mojawapo ni kuonekana kwa mwezi mwandamo. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alipendekeza kuwa hilali haiwezi kuonekana pale Mwezi unapokuwa umbali wa chini ya takriban digrii 7 kutoka kwenye Jua. Karibu na ikweta, Jua huzama karibu wima na giza huingia haraka, hivyo mazingira ya kutazama hutofautiana na ya nchi za kaskazini. Tasnifu ingeweza kulinganisha mahesabu na kumbukumbu za watazamaji wa pwani, kwa sharti moja gumu: kumbukumbu za jioni ambazo mwezi ulitafutwa ukakosekana zihifadhiwe sawa na zile za jioni ulipoonekana. Kwa kawaida hizo za kwanza hazikuandikwa na mtu. Aidha, utafiti wa aina hiyo hauamui suala la kidini la kuandama kwa mwezi; hilo lina wenyewe.

Kwa upande wa mawimbi ya redio, Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, na darubini ya MeerKAT yenye madishi 64 inafanya kazi katika eneo la Karoo. Fursa ipo, lakini data za redio ni nzito mno. Mwanafunzi asiye na uhakika wa kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kutosha atatumia miezi akisubiri mafaili yashuke.

Kuhusu msimamizi, ni busara kusoma machapisho yake ya karibuni kabla ya kumwendea, kwa kuwa msimamizi mwenye jina kubwa ambaye hajawahi kugusa data za aina husika atabaki kusahihisha lugha tu. Zaidi ya hayo, kabla ya kusajili mada, mwanafunzi atenge wiki tatu za majaribio: apakue data za nyota moja tu, achore grafu ya mwangaza wake, kisha apate upya kipimo ambacho tayari kimechapishwa na wengine. Akishindwa kukipata, bado ana muda wa kubadili mada bila kuandika barua kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili.